Kukusanya Hati Zenye Saini za Wavumbuzi: Mwongozo kwa Msomaji wa Kanda ya Ziwa

Mtu anayesimama mwaloni Kirumba alfajiri, mitumbwi ya dagaa inaporudi, huwa amezungukwa na kazi za wavumbuzi ambao hakuna anayewataja. Injini inayopachikwa nyuma ya mtumbwi ni ya ukoo wa mashine alizoanza kuziuza Ole Evinrude, Mmarekani mzaliwa wa Norwei, mwaka 1909. Karabai iliyowavuta dagaa usiku kucha kabla taa za sola hazijaenea iling'aa kwa kifuko cha wavu ambacho Carl Auer von Welsbach wa Austria alikipatia hataza, yaani hati ya serikali ya kulinda uvumbuzi, mwaka 1885. Jenereta inayonguruma umeme unapokatika ina jina la Rudolf Diesel, ambaye injini yake ilithibitishwa kuwa inafanya kazi mjini Augsburg, Ujerumani, mwaka 1897. Watu hawa waliandika barua, walisaini mikataba na walilipa madeni yao, na makaratasi ya wavumbuzi wa namna yao yangali yanauzwa na kununuliwa hadi leo. Mwongozo huu ni kwa ajili ya msomaji wa Mwanza, Musoma, Bukoba au Geita anayetaka kuyakusanya bila kudanganywa, na bila kuyapoteza kwa unyevu baada ya kuyapata.

Kwanza, chagua mstari mmoja

Wengi huanza kwa kutafuta jina kubwa kuliko yote, na jina hilo huwa ni Thomas Edison, mwenye hataza 1,093 za Marekani. Sisemi kwamba ni kosa kumtafuta Edison, kwa kuwa aliishi miaka 84, alisaini makaratasi mengi sana, na hati zake hupatikana kila mwaka minadani. Hata hivyo, mkusanyo usio na mada humaliza fedha haraka, na mwenyewe hubaki na karatasi tatu au nne zisizozungumza lugha moja.

Nashauri uchague mada ambayo tayari unaijua kwa mikono yako. Aliyekulia Usukumani, ambako pamba imesomesha watoto wengi, anaweza kujenga mkusanyo kuhusu mashine za pamba, akianzia na Eli Whitney, aliyepewa hataza ya mashine ya kuchambua pamba tarehe 14 Machi 1794, kisha akaendelea na mikataba na barua za waliokuja baada yake. Fundi cherehani anaweza kumfuata Isaac Singer, aliyepata hataza yake tarehe 12 Agosti 1851, pamoja na mshindani wake Elias Howe, aliyemtangulia kwa hataza ya mwaka 1846. Mwenye mtumbwi ana Evinrude na Diesel. Mada ikishapatikana, andika majina yasiyozidi sita, na mbele ya kila jina uandike mwaka wa kuzaliwa, mwaka wa kufa, miji aliyoishi na kampuni alizofanyia kazi. Orodha hiyo ndogo itakukinga na hasara kubwa kuliko unavyodhani: hati ya hisa ya kampuni ya Singer iliyotolewa baada ya mwaka 1875, kwa mfano, haiwezi kuwa na saini ya Isaac Singer, kwa sababu mwaka huo ndio aliofariki.

Tarehe za kufa hueleza bei pia. Wilbur Wright, mmoja wa ndugu wawili waliovumbua ndege, alifariki kwa homa ya matumbo tarehe 30 Mei 1912 akiwa na miaka 45, ilhali mdogo wake Orville aliishi hadi Januari 1948. Kwa miaka 35 zaidi Orville aliendelea kujibu barua na kusaini hundi, na ndiyo maana saini yake inafikiwa na mtu wa kipato cha kati anayejiwekea akiba, huku ya Wilbur ikiwa adimu na ya gharama kubwa.

Pili, zijue aina za hati

Hati ya chini kabisa ni saini iliyokatwa kutoka kwenye barua kwa mkasi. Watu wa zamani walikuwa na desturi hiyo, nami huihesabu kuwa ni uharibifu: barua nzima iliuawa ili kipande kimoja kibaki. Inafuatiwa na kadi iliyosainiwa kwa ombi la shabiki, kisha barua iliyopigwa taipu na kusainiwa, halafu barua iliyoandikwa yote kwa mkono. Ndani ya kila aina, kinachopandisha thamani ni maneno yenyewe. Barua ya mistari mitano ambamo mvumbuzi anaeleza kwa nini vali ya injini imepasuka ina uzito kuliko kurasa mbili za kukataa mwaliko wa chakula. Soma hati kwanza, ndipo utazame saini.

Kwa anayeanza, hundi za benki ni mlango mzuri. Benki ilidai saini ya mwenye akaunti mwenyewe, hivyo nafasi ya katibu kusaini kwa niaba yake ni ndogo kuliko katika barua za kawaida. Hundi ina tarehe, ina jina la aliyelipwa, na baada ya kulipwa hupigwa mihuri au kutobolewa na benki, na alama hizo ni kazi ngumu kwa mghushi. Angalia tu kama matundu yamepita juu ya saini, kwa kuwa hilo hushusha bei.

Hataza zinahitaji tahadhari ya pekee, maana hapa ndipo wageni wa kazi hii huanguka. Ile hataza yenye utepe na lakiri aliyokabidhiwa mvumbuzi wa Marekani ilisainiwa na maofisa wa serikali. Saini ya mvumbuzi, au ya wakili wake pamoja na mashahidi, huonekana kwenye michoro iliyowasilishwa ofisini, na michoro hiyo ilichapishwa kwa nakala nyingi ambazo zilibeba picha za saini hizo. Muuzaji anayesema kwamba ana "hataza iliyosainiwa na mvumbuzi" mara nyingi ana nakala iliyochapishwa mtamboni. Karatasi inaweza kuwa na miaka mia moja na ushee, ikawa nzuri kuitazama, na bado kalamu ya mvumbuzi haikuigusa kamwe.

Tatu, jifunze mkono wa mtu mmoja kabla ya kutoa hata shilingi

Kazi hii haigharimu kitu zaidi ya bando la intaneti. Mradi wa Thomas A. Edison Papers wa Chuo Kikuu cha Rutgers umeweka picha za nyaraka za Edison hadharani, na Maktaba ya Bunge la Marekani imefanya hivyo kwa karatasi za Alexander Graham Bell, mvumbuzi wa simu, na za ndugu Wright. Pakua sampuli ishirini za mtu uliyemchagua kutoka miaka tofauti ya maisha yake, uzichapishe steshenari, kisha uzipange kwa tarehe.

Usitazame umbo la herufi peke yake. Tazama mwendo: kalamu ilianza wapi, iliinuliwa wapi, ilikaza wapi na kulegea wapi. Edison alikuwa mpiga simu za maandishi, yaani telegrafu, ujanani, kazi iliyodai kuandika haraka na kwa kusomeka, na mwandiko wake ulibaki safi. Katika saini yake mashuhuri mstari wa juu wa herufi T hurefushwa hadi ukalifunika jina zima kama mwavuli. Mghushi huweza kuuchora mwavuli huo, lakini huuchora polepole, na polepole huonekana. Wino hujikusanya pale mkono uliposita, na kingo za mstari hutetemeka mahali ambapo mwenyewe angepita kwa kasi. Saini mbili zinazolingana kabisa, nukta kwa nukta, nazo ni za kutiliwa shaka, kwa kuwa hakuna mtu anayesaini vilevile mara mbili. Huenda moja ilifuatishwa juu ya nyingine, au zote mbili zilipigwa kwa muhuri wa mpira.

Ukimchagua Mjerumani kama Diesel, jiandae kwa jambo jingine. Barua za Kijerumani za wakati ule mara nyingi ziliandikwa kwa mwandiko wa Kurrent, ambao hata Mjerumani wa leo huusoma kwa shida. Jifunze alfabeti yake kwa wiki mbili. Ujuzi huo utakufaa hata nje ya mkusanyo wako, kwa maana makaratasi ya utawala wa Wajerumani katika nchi yetu yamejaa mwandiko huohuo.

Nne, kagua wino, karatasi na mwanga

Vifaa viwili vinatosha kuanzia, na vyote vinapatikana mjini. Cha kwanza ni lenzi ndogo ya kukuza mara kumi, ileile inayotumiwa na masonara na wanunuzi wa dhahabu. Cha pili ni taa ya miale ya urujuanimno wanayotumia makeshia kukagua noti.

Kwa lenzi, angalia kama saini imejengwa kwa vidoto vidogo. Wino wa kalamu hutiririka na kuingia katika nyuzi za karatasi. Saini ya mtamboni mara nyingi hugawanyika kuwa vidoto au hukaa bapa, bila pahali pazito wala pepesi. Mimi mwenyewe nililipia barua ya shukrani ya mvumbuzi mmoja wa Marekani kwa sababu karatasi ilikuwa nzee na muuzaji alikuwa mpole, na niliazima lenzi wiki moja baadaye, kwa sonara. Vidoto vilikuwa pale, vimejipanga kama mistari ya mahindi shambani. Barua ilikuwa ya kweli kwa maana kwamba ilitumwa na ofisi yake, ila ilichapishwa kwa wingi, saini na yote, kwa ajili ya watu waliompongeza. Tangu siku hiyo lenzi hutangulia mkoba.

Kisha uliza swali la kalamu. Hataza ya Uingereza ya kalamu ya bolpeni ya László Bíró ni ya mwaka 1938, na kalamu hizo zilianza kuuzwa Marekani Oktoba 1945. Kwa hiyo saini ya Edison, aliyefariki 1931, au ya Bell, aliyefariki 1922, haiwezi kuwa ya bolpeni, na saini ya Nikola Tesla, mvumbuzi wa mitambo ya umeme aliyefariki Januari 1943, ingetakiwa kukushtua vilevile. Wino wa chuma uliotumika sana katika karne ya 19 huanza mweusi, kisha miaka inapopita hugeuka kahawia, na wakati mwingine hula karatasi hadi kuitoboa.

Taa ya noti husaidia upande wa karatasi. Tangu karibu mwaka 1950, viwanda vya karatasi vimekuwa vikitia kemikali ya kung'arisha weupe, nayo hung'aa kibuluu chini ya miale hiyo. Barua inayodaiwa kuwa ya mwaka 1890 ikiwaka kama shati jeupe lililofuliwa kwa sabuni ya unga, irudishe. Isipowaka, usishangilie bado, kwa kuwa karatasi kuukuu hupatikana kwa urahisi: hukatwa kutoka kurasa tupu za vitabu vya zamani.

Ndivyo alivyofanya Denis Vrain-Lucas wa Ufaransa katika miaka ya 1860. Alimwuzia Michel Chasles, mwanahisabati aliyeheshimiwa, hati za kughushi zaidi ya 27,000, zikiwemo barua za Blaise Pascal, mvumbuzi wa mashine ya kujumlisha, zilizoonyesha kwamba Pascal aliigundua nguvu ya uvutano kabla ya Newton. Miongoni mwake zilikuwamo hata barua za Kleopatra, malkia wa Misri ya kale, zote kwa Kifaransa. Chasles hakuwa mjinga. Alitamani mno kwamba heshima ile iwe ya nchi yake, na tamaa hiyo ikamfumba macho hadi Vrain-Lucas alipohukumiwa kifungo cha miaka miwili mwaka 1870. Kila ninapoona hati inayosema kile hasa nilichotamani kukisikia, namkumbuka Chasles, naiacha usiku mmoja, kisha naisoma upya asubuhi.

Tano, uliza hati ilitoka wapi

Muuzaji mwaminifu hueleza mnyororo wa umiliki: nani alipokea barua, nani alirithi, iliuzwa mnada gani na mwaka gani. Omba maelezo hayo kwa maandishi. Cheti cha uhalisi kilichotolewa na muuzaji mwenyewe hakina nguvu zaidi ya neno lake. Chenye maana ni dhamana ya maandishi kwamba atarudisha fedha zote hati ikithibitika kuwa si halisi, bila kikomo cha siku saba au kumi na nne.

Tafuta mihuri ya maktaba na namba za majalada, hasa mahali palipofutwa au kukwanguliwa. Nyaraka za umma huibwa. Hataza ya Eli Whitney imo katika orodha ya nyaraka ambazo Hifadhi ya Taifa ya Marekani imetangaza kuwa hazijulikani zilipo. Jalada la hataza ya ndugu Wright, namba 821,393 ya tarehe 22 Mei 1906, nalo lilitafutwa kwa miaka mingi hadi lilipopatikana mwaka 2016 katika ghala la Lenexa, Kansas, likiwa limewekwa mahali pasipo pake. Hati ya namna hiyo ikitokea sokoni, usiiguse, hata kwa bei ya kutupa. Kanuni ni hiyohiyo hapa nyumbani: faili lenye muhuri wa boma, wizara au mahakama linalouzwa na wauza vitabu vikuukuu ni mali ya umma chini ya Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka ya mwaka 2002, na mahali pake ni Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa.

Sita, kununua ukiwa Mwanza

Hesabu gharama yote kabla ya kutaja bei. Kampuni za mnada huongeza ada ya mnunuzi juu ya bei ya nyundo, yaani bei ya mwisho iliyotajwa mnadani, na ada hiyo mara nyingi ni asilimia 20 au zaidi. Tuseme hundi imeangukia kwako kwa dola 400 na ada ni asilimia 25: tayari ni dola 500. Ongeza usafirishaji na bima, tuseme dola 70, kisha kodi za kuingiza nchini. Aliyejiwekea kikomo cha dola 500 alipaswa kusimama kwenye nyundo ya takriban 340, au chini zaidi kodi zikihesabiwa. Andika kikomo chako kwenye karatasi kabla mnada haujaanza, na ukifika, acha. Hundi nyingine itakuja.

Lipa kwa kadi ya benki, kwa kuwa malipo ya kadi hukupa njia ya kudai ukidanganywa, tofauti na fedha iliyotumwa moja kwa moja kwa mtu. Uliza ofisi ya forodha ya TRA mapema namna hati ya aina hiyo inavyotozwa, na usikubali muuzaji aandike thamani ya uongo kwenye tamko la forodha. Kifurushi kikipotea, bima italipa thamani hiyo ya uongo. Baadhi ya nchi, zikiwemo Uingereza na Italia, hudai kibali kabla maandiko ya zamani hayajatoka, na jukumu la kukipata lijadiliwe kabla ya malipo. Mwisho, agiza hati ifungwe katikati ya mbao nyembamba au makaratasi magumu mawili, ndani ya plastiki isiyopitisha maji, na namba yako ya simu iandikwe wazi pamoja na sanduku la posta, maana msafirishaji asiyekupata kwa simu hataitafuta nyumba yako kwenye miamba ya Bugando.

Saba, waandikie walio hai

Njia hii haina gharama na haina mghushi. Askwar Hilonga wa Arusha alishinda mwaka 2015 tuzo ya uhandisi ya Afrika inayotolewa na Royal Academy of Engineering ya Uingereza, kwa kichujio chake cha maji. Barua ya mvumbuzi kama yeye, ikieleza jambo moja la kazi yake, itakuwa hati ya kihistoria wajukuu wetu watakapoitafuta. Andika kwa mkono, kwa heshima, ukurasa mmoja. Uliza swali moja la kweli kuhusu uvumbuzi wenyewe, kwa kuwa anayeulizwa swali hujibu kwa barua, ilhali anayeombwa saini tupu, akijibu, hutuma saini tupu. Weka bahasha ya kurudishia yenye anwani na stempu. Barua ikija, tunza bahasha yake pamoja nayo.

Nane, itunze kando ya ziwa

Usiilamineti. Najua kwamba kila steshenari mjini ina mashine hiyo, na kwamba vyeti vyetu vya shule vyote vimepita humo, lakini joto na gundi yake hushikamana na karatasi moja kwa moja, na hati iliyolaminetiwa haitarudi tena kuwa hati. Selotepu ni vilevile: baada ya miaka michache huacha doa la kahawia lisilotoka.

Tumia mifuko ya plastiki ya poliesta iliyo wazi upande mmoja. Epuka plastiki laini yenye harufu kali, kwa kuwa hutoa kemikali zinazonyonya wino. Mafaili ya kawaida ya manila yana asidi, hivyo agiza karatasi na majalada yasiyo na asidi hata ikibidi kusubiri miezi miwili. Hati ilale bapa ndani ya sanduku, na sanduku liwe kwenye rafu ya chumba cha ndani, mbali na ukuta wa nje, mbali na sakafu kwa ajili ya mchwa, na kamwe lisiwe darini chini ya bati.

Unyevu ndio adui wetu mkubwa, hasa masika na vuli. Nunua kipimaunyevu kidogo cha mezani, ujitahidi kubaki kati ya asilimia 40 na 55; ikipita 65, ukungu huamka. Vifuko vya silika husaidia, ila sharti vikaushwe kila baada ya wiki kadhaa, vinginevyo ni mchanga tu. Fungua sanduku mara moja kwa mwezi, mchana, kwenye chumba kikavu. Usifungue usiku taa ikiwa inawaka na madirisha yakiwa wazi wakati visubi wanapotoka ziwani kama moshi, kwa sababu mmoja akipondeka juu ya karatasi ya mwaka 1880 huacha alama ambayo hutaifuta. Hati ikilowa, usiianike juani. Iweke kati ya karatasi safi za kunyonya maji, uzibadilishe mara kwa mara, na uiache ikauke kwa upepo wa feni usioipiga moja kwa moja. Ukitaka kutundika kitu ukutani, tengeneza nakala ya rangi uitie fremu, na halisi ibaki gizani.

Kisha fungua daftari la kurasa ngumu. Kwa kila hati andika, kwa penseli, tarehe uliyoinunua, kutoka kwa nani, kwa bei gani, vipimo vyake kwa milimita, maneno yake yote kama yalivyo, tafsiri yake ya Kiswahili, na kasoro ulizoziona kwa lenzi. Risiti zibandikwe humohumo. Picha za mbele na nyuma zihifadhiwe mahali pawili tofauti, na mtu mmoja wa nyumbani, mke, mume au mtoto mkubwa, aonyeshwe daftari lilipo na jinsi ya kulisoma.